Mnunuzi Kutoka Nchi Isiyopigana

Vita vilikuwa mbali sana na Kabuku, lakini mkonge wetu ulikwama. Mnunuzi wetu wa zamani alikuwa katika nchi iliyoingia vitani, akaacha kupokea simu. Marobota yalijaa ghala la chama chetu cha wakulima, mengine tukayafunika turubai nje. Ndipo akaja mgeni kutaka kuununua, kutoka nchi inayopakana na ile, nchi ambayo ilikataa kuchukua upande. Mimi nafundisha Kiingereza Korogwe na nina shamba dogo la mkonge, kwa hiyo niliombwa kutafsiri.

Mwenyekiti wetu ni mama wa Kizigua asiyependa maneno mengi. Mgeni alieleza kwamba serikali yake ingeruhusu biashara hiyo, mradi tuahidi kutouza mkonge kwa upande wowote unaopigana. Hilo tulilikubali upesi. Kwenye bei tulivutana hadi adhuhuri.

Ghafla mama akaniambia, "Mwalimu, muulize kama mpaka wao na kule kwenye vita uko wazi."

Nilielewa. Binti yake alikuwa anasomea udaktari kule, na siku zile alikuwa analala na wenzake katika chumba cha chini ya ardhi bwenini kwa kuogopa mabomu.

"Mama," nikamwambia kwa sauti ya chini, "akijua tuna shida atashusha bei."

"Ashushe. Wewe muulize."

Nikauliza, nikamweleza na habari za binti. Mgeni akaweka kalamu mezani. Akasema treni bado zinavuka na wanafunzi wa kigeni wanapokelewa, ila foleni ni ndefu na baridi ni kali. Aliomba namba ya binti, akatoka nje kupiga simu. Alikaa huko muda mrefu.

Aliporudi alisema, "Dada yangu anaishi karibu na stesheni ya mpakani. Atamsubiri."

Nilipotafsiri, mama alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Mwambie nashukuru," akasema. "Na bei?"

Mgeni akatabasamu. "Bei ni jambo jingine, mama. Tuendelee pale tulipoishia."

Tukaendelea. Alipanda kidogo, sisi tukashuka kidogo, na alasiri tukasaini.

Binti alivuka wiki ile ile, na sasa anamalizia masomo katika nchi ya yule mgeni. Siku lori la kwanza la mkonge lilipoondoka kuelekea Segera, sote tulisimama barabarani kulitazama, isipokuwa mwenyekiti. Yeye alikuwa kwenye simu nyuma ya ghala, anamuuliza mwanawe kama amekula.