Samaki wa Mama Mujinga Wapewe Amani

Tangu ahamie Kalemie kutoka Moba, Mama Mujinga, muuza samaki, hakuwahi kuwa na nyumba isiyo na wageni. Mume wake, mtu wa reli, alikuwa akilala kwenye benchi kwa sababu kitandani kulikuwa na wajomba. Kwa Mujinga, kumwacha mtu peke yake ni kumchukia, basi, habari imekwisha.

Ndivyo alivyokuwa, miaka ile ya Zaire, siku mtafiti mmoja, Citoyen Kalenga (“Mwananchi”, kama watu walivyoitana wakati huo), alipomletea beseni la samaki hai. Wenzao walikuwa maabara, wakiona cha mtema kuni katika maji ya moto. Baadaye angekata vipande vya maini ya wote, avipeleke Ubelgiji kwenye hadubini ya elektroni, mashine inayopiga picha mpaka ndani ya chembe ya mwili. Chembe ikizidiwa na shida, alieleza, hujikusanyia vinundu ndani yake. Samaki wa Mujinga walikuwa wa kulinganishia, kwa hiyo hawakutakiwa kupata shida yoyote.

“Mama, bapate amani tu. Picha ikitoka muzuri, nitakuletea moja ya kutundika ku salon, mu nyumba yako.”

Picha! Jirani yake, Mama Bibiane, alikuwa na picha moja ya harusi na aliringa nayo miaka nenda miaka rudi. Mujinga akaitamani ya kwake mpaka usingizi ukamruka.

Basi akawapa samaki amani aliyoijua yeye. Asubuhi wanawake wa mtaa walizunguka beseni wakipiga soga, samaki wasijisikie wapweke. Mchana, redio. Jioni kikundi cha animation, wale wa kumsifu Rais kwa nyimbo na dansi, kilifanya mazoezi hapohapo, ngoma na filimbi, Bibiane akiwa mbele kabisa akitikisa nyonga. Samaki wakawa wanajigonga kwenye beseni.

“Mutazame,” Mujinga akasema kwa furaha, “banacheza!”

Kalenga akaja kuwachukua samaki. Miezi ikapita, akarudi na picha mbili, uso umemshuka. Samaki wa maji ya moto walikuwa na vinundu vichache. Chembe ya samaki wa Mujinga ilikuwa imejaa pomoni.

“Mama, ulibafanya nini?”

“Nilibatunza! Habakubakia peke yabo hata kidogo.”

Kalenga akashika kichwa, kisha kicheko kikamshinda. “Basi, njo sababu. Bageni bamebachokesha kupita moto. Kamata picha ya samaki bako, Mama, ni yako.”

Mujinga aliitazama sana. Machozi yakamlenga, na yeye si mtu wa kulia. Huko ndani wajomba walikuwa wakigombea kiti, na Bibiane alikuwa akiuliza chakula kitaiva lini. Akaingia, akazima redio.

“Bote murudie kwenu. Mashine ya Ubelgiji imeona binundu.”

“Binundu bya nani?” Bibiane akauliza.

“Byangu,” Mujinga akasema, akawafungulia mlango.