Nailoni kwenye kiti cha nyuma

Machi 14, 2019, Osea Nzunda alipokea kadi ya gari yenye jina lake. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Alikuwa ameendesha mamia ya magari kabla ya hapo, na hakuna hata moja lililokuwa lake.

Kuanzia mwaka 2001, kwa miaka kumi na tano, Osea alikuwa dereva wa IT, yaani wale wanaochukua magari yaliyoshuka bandarini Dar es Salaam na kuyafikisha mpakani Tunduma, yakiwa njiani kwenda kwa wenyewe Zambia na Kongo. Waliondoka kwa msafara, magari saba au nane. Gari lenye kasoro, taa zisizowaka au breki zinazosuasua, liliwekwa katikati. Ruaha Mbuyuni walinunua vitunguu. Makambako walivaa makoti. Nakonde, upande wa Zambia, walikabidhi funguo, wakavuka mpaka kurudi kwa miguu, na kila mmoja akatafuta basi la kurudi Dar.

"Unaliendesha siku mbili, unalizoea, unajua hadi mlango upi unagoma," anasema Osea, akiwa nyumbani kwake Mpemba, nje kidogo ya Tunduma. "Halafu unalitoa. Hulioni tena."

Moja aliliona. Ilikuwa sokoni Nakonde, gari la bluu alilolileta mwaka mmoja kabla. Alilisogelea, akaweka mkono kwenye boneti. Mwenyewe alitoka dukani kumuuliza anataka nini.

"Nikamwambia nalisalimia tu. Akafunga milango yote."

Katika kazi ile kulikuwa na sharti moja ambalo hakuna aliyelivunja: viti havikaliwi bila nailoni. Gari lilitakiwa lifike kama lilivyoshuka melini. Harufu ya nailoni iliyopigwa jua ndiyo Osea anayoikumbuka akitajiwa miaka ile, kabla hata ya milima na mvua za njiani.

Kwa hiyo aliponunua gari lake, baada ya mavuno mawili mazuri ya kahawa, alivivika viti vyote nailoni na hakuitoa. Lilikuwa gari dogo la haibridi, lile linalotumia petroli pamoja na betri kubwa iliyofichwa chini ya kiti cha nyuma. Asubuhi lilitoka uani bila mlio wowote. Majirani walidhani linasukumwa, na mmoja alikuja na viatu vya kazi kusaidia.

Mwaka jana liligoma. Taa nyekundu iliwaka kwenye dashibodi, kisha gari likazimika na halikuwaka tena. Habibu, fundi umeme wa magari mjini Tunduma, alifungua mlango wa nyuma akasimama kidogo.

"Mzee Osea, hii nailoni ya lini?"

"Tangu nimelichukua."

Habibu aliifunua. Pembeni ya kiti kulikuwa na tundu lenye wavu. "Betri inavutia hewa hapa, mzee wangu. Imekaa miaka yote hii umeiziba pua. Imejipika yenyewe."

"Mimi nilisema itolewe," anasema Enesi, mke wa Osea. "Akaniambia gari litachafuka. Nilikuwa nafika Mbozi Mission kusali, gauni limegandia mgongoni kama nimenyeshewa."

Betri hiyo ikifa, injini nayo haiwaki hata kama ni nzima. Maduka ya spea ya Tunduma yamejaa vifaa vya malori, kuanzia springi hadi gia boksi, lakini betri ya gari kama lile hakuna anayeiweka. Zinazotoka Dar zimekwishatumika, na anayezinunua hajui kama zitamaliza mwezi. Habibu alijua betri moja tu nzima karibu. Ilikuwa Vwawa, ndani ya gari la Lusungu Kibona.

Lusungu alikuwa kwenye misafara ileile. Yeye na Osea walinunua magari ya aina moja, ndani ya mwaka mmoja. La Lusungu lilichemka njiani kutoka Mbeya, injini ikapasuka, na tangu hapo limefunikwa turubai nyuma ya nyumba.

"Umekuja kuona mgonjwa au kurithi?" Lusungu alimuuliza Osea aliposhuka kwenye bodaboda.

"Nimekuja kuomba betri."

"Basi kurithi."

"Lako halitembei, mtani."

"Na lako linatembea?"

Osea alieleza kwamba kuhamisha betri ni kazi ya siku moja, kuhamisha injini ni ya wiki nzima.

"Nani kasema?"

"Habibu."

"Habibu ni fundi wako. Wangu angesema uje na injini."

Kila mmoja alitaka gari la mwenzake ndilo lichinjwe. Osea hakuwa na gari jingine lenye jina lake, na umri wa kupata la pili aliuona umepita. Alirudi Mpemba mikono mitupu. Habibu akamwonya kwamba betri ile, ikiendelea kukaa bila injini ya kuichaji, itakufa pia, na magari yote mawili yatabaki mabati.

Mwezi uliopita Lusungu alikuja mwenyewe Mpemba. Alikataa chai hadi aseme lililomleta. Betri angeitoa bure. Lakini siku tatu za kila wiki gari lingekuwa mikononi mwake.

"Hapana," alisema Osea. "Dereva wa gari la mwenzake namjua. Tulikuwa tunashuka mteremko wa Iwambi kwa gia huru."

"Ulikuwa unashuka wewe. Mimi nilikuwa nyuma yako nasali."

"Ndiyo maana ulikuwa unachelewa kufika."

"Shemeji," Lusungu alimgeukia Enesi, "mwambie huyu."

Enesi, aliyekuwa anapepeta maharage, alimtazama mumewe. "Baba Atupele, mwaka mzima limekaa hapo uani likiwa lako peke yako. Umefika nalo wapi?"

Osea alitoka, akalizunguka gari, akakaa kwenye usukani na mlango wazi. Aliporudi ndani alimuuliza Lusungu anataka siku zipi.

"Jumatano hadi Ijumaa. Soko la Mlowo ni Alhamisi."

"Tairi ikipasuka siku yako?"

"Yangu."

"Na chai unywe, imepoa."

Juzi Osea aliomba atoe nailoni mwenyewe kabla fundi hajafika. Ilikuwa imeshikana na kitambaa sehemu za jua, na alitumia mchana mzima. Chini yake viti vilikuwa vipya kabisa, rangi ya kijivu ambayo hata yeye alikuwa ameisahau. Aliikunja akaiweka darini. Enesi anasema hajui ya nini.

Habibu atahamisha betri Jumatatu. Lusungu atakuja kulichukua gari Jumatano asubuhi.