Sahani Iliyopaswa Kuvunjwa

Ofisi ya msaada ilimwandikia Gaynor Colclough kwamba ana paundi elfu kumi na sita na mia nne, wakati benki alikuwa na elfu kumi tu. Hizo elfu sita na mia nne, ilisema, aliwagawia marafiki kwa makusudi ili aonekane fukara na apewe posho. Kwa hiyo asipewe hata senti. Hilo ndilo alilotendewa, na hakuna sababu ya kulizungushia maneno.

Gaynor alichora vyombo miaka thelathini na mmoja katika kiwanda kimoja pale Burslem, mji wa wafinyanzi huko Uingereza. Aliingia na miaka kumi na sita, shule imemshinda, lakini mkono wake ulijua waridi kuliko walimu walivyojua hesabu. Kiwanda kilipofungwa, tanuri zikaachwa zipoe, akapewa kiinua mgongo: elfu ishirini na moja na mia tatu. Elfu tatu na mia tisa alinunulia mtambo wa kupashia nyumba joto, maana ule wa zamani ulikuwa umekufa, mwenye nyumba hakujali, na baridi ya Machi haimsubiri mtu. Elfu moja alikula akitafuta kazi. Na elfu sita na mia nne alilipa kikoba.

Kikoba kilikuwa cha wanawake kumi na mmoja wa chumba cha uchoraji. Kila Ijumaa kila mmoja aliweka chake kwenye bati la biskuti. Mama yake Gaynor alipougua, yeye akachukua likizo bila mshahara akamuuguza miezi minne, kisha akamzika. Fedha zote za shughuli hiyo zilitoka kwenye bati. Wenzake walikosa mgawo wa Krismasi mbili mfululizo na hakuna aliyenuna, isipokuwa Denise, na Denise hununa hata akifurahi.

Hawakuandikiana karatasi. Chumba kile kilikuwa na desturi yake: mwenye kukopa anachora deni lake kwenye sahani, sahani inachomwa pamoja na nyingine, halafu inatundikwa ukutani juu ya birika la chai, imtazame kila anapokwenda kujimiminia. Siku anayolipa, inavunjwa kwa nyundo na watu wanakula.

Gaynor alilipa taslimu, jikoni kwa rafiki yake Lorraine, wiki moja baada ya kiinua mgongo kuingia. Lorraine, aliyekuwa ameitoa sahani ya Gaynor ukutani kiwanda kilipofungwa, akaifunga kwa taulo, akaipiga nyundo moja tu. Wakala chapati za shayiri zilizokunjiwa jibini, wakalia kidogo, wakaenda makwao.

Sheria yenyewe si ngumu. Mwenye zaidi ya elfu kumi na sita hapewi msaada. Akizitupa fedha zake ili ahesabiwe maskini, wanamhesabia kama vile bado anazo. Lakini aliyelipa deni la kweli hana kosa. Gaynor alimweleza hivyo kijana wa ofisini, aliyevaa kitambulisho shingoni na hakuacha kuitazama kompyuta yake.

"Una risiti, Bi Colclough?"

"Risiti ya kikoba? Baba, wewe umewahi kumwomba mama yako risiti ya chakula cha jioni?"

"Mkataba basi. Ujumbe wa simu. Chochote."

"Kulikuwa na sahani."

"Sahani."

"Tumeivunja."

Kijana akaandika kitu. Baadaye Gaynor akakiona kwenye barua: *mhusika anadai kwamba ushahidi uliharibiwa.* Kama vile alikuwa jambazi.

Aliomba waangalie upya. Wakaangalia upya, wakaona vilevile. Akakata rufaa. Miezi saba ikapita huku zile elfu kumi zikiliwa na kodi ya nyumba na umeme, hadi zikabaki elfu tatu. Usiku hakulala, mchana hakutaka kuonekana dukani. Alijua zikiisha hizo, nyumba aliyopanga tangu ujana inakwenda, na yeye ataishia kwenye kochi la dada yake huko Crewe. Na dada yake ni mtu wa kuhesabu mifuko ya chai.

Siku mbili kabla ya kusikilizwa, Lorraine akabisha hodi. Uso mwekundu, mfuko wa sokoni kifuani.

"Kabla hujanipiga, nikalie kiti kwanza," akasema.

"Umefanya nini?"

"Siku ile nilivunja sahani nyingine. Ile ya kasoro, ya ukingo uliopinda."

Gaynor akampokonya mfuko, akachungulia ndani, kisha akamkazia macho.

"Usinitazame hivyo! Ulichora yale maua vizuri mno, shoga. Mimi na nyundo tulishindwa. Nikaificha nyuma ya mashuka."

"Miezi saba, Lorraine! Miezi saba nakula mkate mkavu, sahani imelala na mashuka yako?"

"Ulisema unadaiwa barua na karatasi! Ningejuaje kwamba sahani nayo ni karatasi? Nimeuliza leo asubuhi kwa Denise, akaniita punda."

"Denise amesema kweli."

"Najua. Weka chai."

Chumba cha baraza la rufaa kilikuwa kidogo, na harufu ya zulia jipya. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani. Aliyekuja kuitetea ofisi alikuwa bwana mmoja mwenye mafua. Gaynor akaifunua taulo, akaiweka sahani mezani. Katikati ya waridi paliandikwa kwa rangi ya buluu: *Nimekopa kwa wasichana £6,400, kwa ajili ya mama. Nitalipa. Gaynor C.*

"Kwa heshima zote," bwana yule akasema akipenga kamasi, "sahani yaweza kuwa imechorwa jana."

Hakimu akaivuta sahani karibu. Akainyanyua kwa mikono miwili, akaigeuza. Wala hakufikiri, watu wa Burslem hugeuza sahani hata wakialikwa harusini, watazame nani ameitengeneza. Nyuma palikuwa na muhuri wa kiwanda na mwaka: miaka miwili kabla hakijafungwa.

"Muhuri uko chini ya utando wa kioo," hakimu akasema taratibu. "Na maandishi ya mbele?"

"Chini vilevile, mheshimiwa. Unachora kwanza, unapaka utando, ndipo inaingia tanurini. Ikishatoka, hakuna mkono unaoweza kuongeza hata nukta."

Hakimu akapitisha ukucha juu ya jina la Gaynor. Laini kama maji. "Mama yangu alipaka dhahabu kwenye kingo za vikombe," akasema, kisha akajikohoza akarudi kwenye faili.

Lorraine na Denise walitoa ushahidi. Denise aliulizwa kama alilipwa, akasema alilipwa, na kwamba alichelewa kulipwa. Uamuzi ulitoka kabla ya saa saba: deni lilikuwa la kweli, kulilipa hakukuwa kosa, Gaynor ahesabiwe alichokuwa nacho tu. Posho ya miezi yote iliingia baada ya wiki tatu, wakipunguza kidogo kwa sababu ya akiba, kama sheria inavyotaka. Hilo hakulalamikia.

Mwanamke mmoja mwenye karakana ndogo kando ya mfereji alisikia habari za sahani, na si kutoka kwa mwingine ila Denise. Akamwita Gaynor aje kuchora siku tatu kwa wiki. Kuna tanuri moja tu, lakini ni ya moto. Bati la biskuti limerudi pia, na wanawake watano, na kila Ijumaa linalia kwa sarafu.

Sahani ya kwanza Gaynor aliyoichora pale haiuzwi. Imetundikwa juu ya birika la karakana. Hakuweka waridi, ila ukingo mweusi na maandishi ya buluu chini ya utando: *Ofisi ya msaada inadaiwa na Gaynor Colclough barua moja ya kuomba radhi, yenye saini ya aliyeandika "kwa makusudi", na neno hilo lifutwe kwenye faili lake.*

Ameandika mara nne, na hajajibiwa. Nyundo iko kwenye droo ya chini, na Lorraine amekatazwa kuigusa.