Bega la Kushoto

Jirani yetu, ambaye binti yetu humwita shangazi, ni fundi wa kushona nguo. Hata akikaa tu kupiga soga, mguu wake wa kulia hukanyaga sakafu, utadhani cherehani iko mbele yake. Alimshonea marehemu mke wangu miaka mingi, na bega la kushoto la mke wangu lilikuwa limeshuka kwa kubeba ndoo na watoto. Juzi binti yetu alipotaka gauni la harusi, fundi hakumpima. "Ya nini kumpima? Huyu ni mama yake mtupu." Binti akalivaa, likambana kushoto.

"Shangazi, hili bega la nani?"

Fundi akaupapasa mshono. "La mama yako. Mkono wangu haujapata habari za msiba."

Akachukua wembe afumue. Nikamwambia angoje kidogo, bado nalitazama.