Mein Jata, Mein Jati

Bizari nyembamba ikitiwa kwenye samli ya moto hulia kidogo kabla haijanukia. Kila nikiusikia mlio ule, narudi ghorofani kwetu mtaa wa Al Nahda, Dubai, mlangoni kwa jirani yetu Mhindi, Anti Sunita.

Nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na baba. Mama alifariki Malindi nikiwa bado nanyonya. Nilipokua kidogo baba akanichukua Dubai, alikokuwa akiuza vipuri vya magari. Kihindi alikiokota kwa wenzake wa dukani, wanaume watupu, nami nikakiokota kwake. Tulikisema kwenye lifti kama mchezo wetu.

Tulikuwa ndiyo kwanza tumehamia pale Anti aliponiita ndani tuchambue dengu. Adhana ya magharibi ilipolia, niliinuka.

"Mein jata hun," nikaaga. Naenda.

Msinicheke, maana Anti alicheka hadi akashika ukuta. "Bwana gani huyu jikoni kwangu?"

Akanieleza taratibu. Kitenzi chao hukaa mwisho wa sentensi, na humo humo hujulikana anayekwenda ni nani: mwanamume *jata*, mwanamke *jati*. Nilishangaa. Kwetu "naenda" ni naenda tu, awe shangazi, awe mjomba.

"Sema *jati*, binti yangu."

Nikasema. Neno lilikuwa laini mdomoni, nikawa nalirudia koridoni kote kama naimba.

Baba alikuwa akipiga pasi. "Baba, nilikuwa nakosea! Anti anasema mimi ni *jati*. Wewe umenifundisha kusema kama mwanamume."

Pasi ikasimama. Mvuke ukampanda usoni, akaizima, akavaa ndala na kwenda kugonga kwa jirani. Nikamsikia akisema kwa Kihindi chake cha dukani, "Dada, akitoka shule naomba aje kwako. Yapo nisiyoweza kumpa."

"Na aje," Anti akajibu. "Asiwe anabisha hodi."

Ndiye aliyenisuka nywele miaka yote ile. Nilipovunja ungo, ndiye niliyemkimbilia.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba usiku ule nilimuudhi baba. Leo nina binti yangu, na ndipo nimeelewa. Katika silabi ile moja alisikia kwamba nakua kuwa mwanamke, na kwamba njia hiyo yeye hakuwahi kuipita. Akanitafutia wa kunishika mkono.