Jumamosi za Presha
Timu anayoishabikia mume wangu, ya kule Uingereza, ilipotwaa kombe, alitoka barabarani hapa mtaani kwetu Bellevue akicheza dansi amevaa jezi yake mpaka majirani Wakongo wakaja kumpongeza. Msimu uliofuata ikawa inafungwa ovyo, na yeye ana presha. Nikaanza kuziogopa Jumamosi, siku za mechi.

Siku moja, nikiwa jikoni, nilimsikia mtangazaji akipiga kelele kwamba timu yetu imefungwa bao la nne. Mume wangu, aliyekuwa akitazama sebuleni, sikumsikia akilalamika. Nilimwita, hakuitika. Nilikimbia, nikamkuta ameketi, macho ameyafumba.

"Baba watoto!"

"Nipo, mama," akasema taratibu. "Navuta pumzi polepole, kama daktari alivyonifundisha."

Nikazima televisheni. Hakunizuia. Nilikaa kando yake nimemshika mkono, na hakuna aliyeuliza mechi imeishaje.