Senti Zilizong'ara

Juzi nilimwona mama mmoja benki akimimina sarafu za duka lake mezani, nikaikumbuka harufu ya ukwaju. Baba yangu alikuwa akipika na kuuza halua Malindi, na senti zake zote zilinata. Asubuhi moja nilimsugulia senti hizo kwa ukwaju mpaka zikang'ara, tukazipeleka benki pamoja.

"Mbona mpya zote?" aliuliza bwana aliyesimama nyuma ya karani. "Ulikuwa umezificha wapi, na sarafu zimeadimika mjini? Hujui kuzificha ni kosa la jela?"

"Kaziosha mwanangu, bwana."

Wakamwingiza baba chumba cha ndani. Mezani nikaiona senti moja bado ina halua, nikajua hiyo ndiyo iliyomponza. Nyumbani nilizisugua zilizobaki koponi mpaka vidole vikachubuka, ili wamrudishe. Hawakumrudisha. Mama hakuwahi kuniambia kwamba lau zingenata zote, baba angerudi.